Saizi ya Kawaida

Ndugu zangu, palikuwa na dada mmoja aliyefiwa na mama yake, na hakuwa na mtu mwingine duniani. Mtaa ukasimama naye. Zikaundwa kamati: ya jeneza, ya kaburi, ya chakula. Si mnatujua kwa kamati? Kila moja na mwenyekiti wake, katibu wake na kundi lake la simu. Dada aliomba jambo moja tu, mama yake azikwe kwa heshima.

Kamati ya kaburi ilipouliza vipimo, ikaambiwa kikaoni, "Saizi ya kawaida." Kamati ya jeneza nayo ikaambiwa vivyo hivyo. Sasa, kawaida ya wachimbaji ilikuwa kupima upana kwa mpini wa jembe lao. Kawaida ya seremala ilikuwa jeneza pana lenye vishikio vinavyong'aa. Nani alikwenda kumwuliza mwenzake? Hakuna hata mmoja!

Makaburini jeneza likashushwa kwa kamba, likakwama. Wakaliinua, wakaligeuza, likakwama tena. Dada akasikia mwili wa mama yake ukigonga mbao. Na wenyeviti? Wanabishana!

"Kaburi letu halina kasoro," alisema wa kaburi. "Nyie mmetuletea kabati."

"Jeneza lilipitishwa na kikao," akajibu wa jeneza. "Sisi kazi yetu tumemaliza."

Dada akawaamuru waliweke jeneza pembeni. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaingia kaburini mwenyewe.

"Mmemaliza nyote," akasema. "Ila mama yangu hajazikwa!"

Mnawasikitikia watu wale? Msiwasikitikie. Sisi tuna tofauti gani nao? Jumapili iliyopita kwaya ilisoma taarifa hapa mbele ya kanisa: malengo yametimia. Vijana, yametimia. Akina mama, yametimia. Tukapiga makofi, na mimi mchungaji wenu nikapiga, na leo naona aibu. Maana siku ileile mzee wetu wa benchi la nyuma alikuwa kitandani wiki ya tatu, hana wa kumpa maji, kwa kuwa kila kamati ilidhani wagonjwa ni wa kamati nyingine.

Nimekasirika, sifichi. Leo hakuna taarifa itakayosomwa. Tukitoka hapa tunakwenda kwake wote, wenyeviti mkitangulia. Tutamwogesha, tutamlisha, kisha tutakaa palepale chumbani kwake, na hatuinuki mpaka tukubaliane, yeye akitusikia, kazi yetu hasa ni ipi.