Zamu ya Kwanza Ndivani

Maji ya kwanza hunywewa na mfereji. Wajukuu zangu, mmemsikia bibi yenu akiyasema hayo asubuhi, mkaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Upareni maji ya kumwagilia hukusanywa ndivani, yaani kwenye bwawa dogo la mlimani, kisha watu huyatumia kwa zamu. Zamu ya kwanza ya kiangazi, tangu alfajiri hadi jua la utosi, ilikuwa ya msimamizi wa ndiva, Mzee Senkondo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Cheo ni cheo.

Mwaka mmoja jua lilikuwa kali mno. Mahindi ya mkulima mmoja, Mrutu, chakula cha watoto wake sita, yalikuwa yamejikunja majani. Siku moja zaidi bila maji yangekufa. Akapangiwa zamu ya pili, ya kuanzia adhuhuri, akaona itamchelewesha. Akasimama mbele ya watu.

"Mzee, kila mwaka wa kwanza ni wewe. Babu zetu sisi ndio waliochimba ndiva hii. Au wa kwanza ni mwenye ndevu nyeupe?"

Watu wakaguna. Senkondo akamtazama. "Mwanangu, unaijua zamu unayoitaka?"

"Naijua. Ndiyo hiyo unayoing'ang'ania."

"Haya, chukua. Mimi nitapokea yako."

Alfajiri ndiva ikafunguliwa. Mrutu akangoja shambani, jembe mkononi. Mfereji ulikuwa umekauka miezi miwili, umejaa nyufa. Maji yakashuka hatua kwa hatua, na kila hatua ardhi iliyameza. Jua lilipofika utosini yalikuwa yamelowesha mashina matatu tu. Zamu ikaisha.

Ya Senkondo ikaanza, na sasa maji yalikimbia juu ya udongo uliokwisha kulowa. Mrutu akamfuata.

"Baba, ulijua."

"Nilijua. Ndiyo maana wa kwanza huwa msimamizi. Hasara hiyo ni yake, si ya watu wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza, ukasema unaijua."

 Mzee akachukua jembe, akayageuzia maji kwenye mahindi ya Mrutu. "Mwagilia. Kwangu nilipanda mihogo, itavumilia."

Senkondo alipofariki, watu walimchagua Mrutu kuwa msimamizi. Kiangazi kikafika, mkewe akanung'unika kwamba wao ndio wakubwa wa ndiva, na shamba lao ndilo kavu kuliko yote.

Mrutu akamjibu taratibu, "Mke wangu, maji ya kwanza hunywewa na mfereji. Acha yanywewe ya kwetu."