Mama Nguchiro na Shimo la Maji ya Vyombo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa maji!

Maji gani?

Machafu!

Nani aliyamwaga?

Si mimi!

Haya, si wewe. Na wewe wa nyuma kule unayecheka, si wewe pia. Kaeni vizuri basi, niwaambie ni nani.

Kulikuwa na uwanda mkavu wenye chemchemi moja, nayo ndogo, ukichota sufuria mbili lazima usubiri. Hapakuwa na lango, hapakuwa na mlinzi, hapakuwa na choo wala mfereji. Wanyama waliosafiri na nyumba zao za magurudumu walipiga kambi pale bure, na sheria ilikuwa moja tu: maji uliyooshea vyombo uyabebe mwenyewe hadi ng'ambo ya kilima, uchimbe shimo, umwage huko.

Mama Nguchiro akafika na kijumba chake, kiri-kiri-kiri. Nguchiro mnawajua. Wakikaa mahali siku tatu miguu inawawasha. Lakini safari hii alikuwa amejifungua njiani, watoto wanne, macho yamefumba, na wadogo kama hao hawatikiswi barabarani kabla macho hayajafunguka. Siku kumi! Akakaa, akainuka. Akaenda, akarudi. Akahesabu watoto, wanne. Akahesabu tena, wanne vilevile.

Siku ya pili akaja Bwana Kiboko na jumba lake, ngurr-gidi, ngurr-gidi, akaliegesha juu kabisa, penye kivuli chote. Akala sufuria saba, akaosha sufuria saba, kisha akafungua koki chini ya jumba. Chururururu! Maji ya sabuni na mafuta na ukoko wa ugali yakateremka, yakapita mlangoni kwa Mama Nguchiro, yakaingia chemchemini.

Mama Nguchiro akapanda mbio. "Bwana Kiboko, tafadhali, yapeleke ng'ambo ya kilima."

"Mimi ni mtu wa mto," akasema Kiboko. "Kwetu maji ukiyamwaga yanajiendea."

"Hapa hayana pa kwenda."

"Mbona yamekwenda? Mimi hapa siyaoni."

Mmelisikia jibu hilo? Mimi nilipolisikia mara ya kwanza, mkono uliniwasha.

Kesho yake, chururururu! Keshokutwa, chururururu! Chemchemi ikaanza kunuka. Mama Nguchiro alikunywa kwa kuwa hakuwa na pengine pa kunywa, na mtoto wake mdogo kuliko wote, aliyenyonya maziwa yake, akaanza kuharisha. Mama akakaa, akainuka. Akaenda, akarudi. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Akaenda kwa jirani yake Kobe, ambaye nyumba yake iko mgongoni na vyombo hana.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hutulii?"

"Mtoto anaharisha, Mzee. Na yule mkubwa hasikii."

"Kwani yeye anapenda nini?"

"Anapenda cha mwenzake. Jana alimpora Digidigi mkeka, na hata haumtoshi."

"Basi," akasema Kobe, akaingiza kichwa ndani.

Asubuhi Mama Nguchiro akajaza ndoo yake maji ya vyombo. Akaifunika kwa kanga mpya, akaifunga fundo, akajitwika. Akapita mbele ya Kiboko, hatua mbili, anageuka, hatua mbili, anageuka.

"Umebeba nini?" akauliza Kiboko.

"Maji ya vyombo."

Kiboko akacheka.

Siku ya pili akapita tena, hatua mbili, anageuka.

"Umebeba nini?"

"Maji ya vyombo."

"Mbona umeyafunika kwa kanga mpya?"

"Yasimwagike."

Kiboko hakucheka.

Siku ya tatu akapita tena, hatua mbili, anageuka. Alikuwa akiwaangalia watoto aliowaacha peke yao, lakini nani alimuuliza hilo?

"Umebeba nini?"

"Maji ya vyombo, Bwana Kiboko. Wallahi."

"Mwongo! Nani anageukageuka hivyo kwa maji ya vyombo?"

Kiboko akamfuata, puu, puu, puu, hadi ng'ambo ya kilima. Akaona shimo limefunikwa majani. Akachovya, akalamba. Yalikuwa maji ya vyombo.

"Bado hayajaiva," akajiambia. Kisha akamgeukia Mama Nguchiro. "Shimo hili litatoa nini?"

"Uvundo."

"Na nikitia yangu?"

"Uvundo zaidi."

"Ahaa! Unanikataza! Basi kuanzia leo shimo ni langu!"

Akavuta jumba lake, ngurr-gidi, ngurr-gidi, akaliegesha koki ikiwa juu ya shimo. Akatangaza: maji machafu yote ya kambi yaletwe kwake kila asubuhi, na ole wake atakayemwaga hata tone njiani! Digidigi akaleta. Nyani akaleta. Hata Kobe, asiye na vyombo, alijikokota akaenda akatema mate, asije akaachwa nyuma.

Chemchemi ikapumua. Kesho yake harufu ikapungua, keshokutwa ungeweza kuona vijiwe chini. Mtoto akaacha kuharisha, akanyonya mpaka akasinzia. Siku ya kumi macho yakafunguka: mawili, manne, sita. Mama akasubiri, akainuka, akakaa. Nane! Hakungoja hata kufagia, akakivuta kijumba chake njiani, kiri-kiri-kiri.

Ng'ambo ya kilima akamkuta Kiboko ameketi kando ya shimo, nzi ziii, ngozi imepasuka, kwa kuwa hakuthubutu kuondoka hata kwenda kuoga.

"Unakimbilia wapi, na kesho linaiva?" akauliza.

Huruma ikamshika Mama Nguchiro. "Bwana Kiboko, nimekwambia tangu siku ya kwanza. Ni maji ya vyombo."

"Mwongo mkubwa wewe! Na hiki je?"

Ukingoni mwa shimo palikuwa pameota kitu kidogo, majani mawili. Mbegu iliyokuwa imeganda kwenye sahani ya mtu.

"Nyanya," akasema Mama Nguchiro.

"Eti nyanya!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akachukua ule mkeka wa Digidigi, akakitegea kijimche kivuli.

Mama Nguchiro akaondoka. Kwenye kona akasimama, akageuka. Je, kama si nyanya? Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Mwisho watoto wakalia, miguu ikamwasha, akashika njia, kiri-kiri-kiri.

Basi, wanangu, fundisho la ngano hii ni kwamba msiseme kweli hata siku moja. Mmeona wenyewe jinsi kweli ilivyomdanganya mtu mzima.

Ngano yangu nimeimwaga hapa, mwenye ndoo akinge. Na ikiteremka mpaka mlangoni kwa jirani, nani aliimwaga?

Si mimi!