Mhanga Aliyesikia Mioyo ya Wenzake

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmekabwa na nini? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mbuga ya nyasi ndefu. Katika mbuga hiyo aliishi Mhanga na mama yake.

Mhanga mnamjua? Wengi hamjamwona, maana siku hizi hapendi kuonwa. Pua ndefu, kama ya nguruwe. Masikio marefu, kama ya punda. Kucha ngumu, kama jembe. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa wachimbaji. Babu alichimba. Baba alichimba, akafa na udongo puani. Mama naye akashika kazi, akachimba.

Wakichimba nini? Mashimo ya moto. Kila kiangazi nyasi zilikauka, upepo ukavuma, moto ukazuka huko ulikozuka, vuuu! ukafagia mbuga yote. Wenye mbio walikimbilia mtoni. Wasio na mbio, wazee na wagonjwa na wenye mimba, waliingia mashimoni, moto ukapita juu yao, wakatoka wakipiga chafya. Kwa kazi hiyo wanyama wote kwa pamoja walimletea mchimbaji kibaba cha mchwa mwezi ukiandama. Hakikuwa kingi. Lakini mwezi haukuandama hata mara moja kibaba kisifike.

Mhanga alipokuwa mchanga alilala ubavuni mwa mama yake, sikio kifuani. Moyo wa mama ulimbembeleza. Du, du, du. Hakuhitaji wimbo mwingine.

Akakua. Mama akamfundisha kazi. "Mwanangu, usianze na kucha. Anza na sikio. Lilaze chini. Unasikia nini?"

"Nasikia mchwa wanatembea, mama."

"Wapi?"

"Mbali. Ng'ambo ya kile kilima."

Mama akacheka kwa furaha. Masikio ya namna ile hayakuwahi kuonekana katika ukoo wao.

Basi siku moja Mhanga anatoka kuchimba, udongo mpaka kwenye kope. Akapita penye jiwe bapa la Nyani. Nyani alikuwa anachezesha karata za majani. Kila mchezaji anapewa majani matatu, anayaficha. Jani lililotobolewa matundu mengi na viwavi ndilo kubwa. Lakini si lazima uwe na kubwa! Ukitia dau zito, mwenzako akaogopa akatupa majani yake, umemla, hata kama mkononi una takataka. Ni mchezo wa uso mkavu.

"Karibu, kaka," Nyani akasema. "Mara moja tu. Pumzisha mgongo."

Mara moja tu! Wanangu, mkiisikia hiyo, shikeni njia.

Mhanga akakaa. Mbele yake alikaa Ngiri. Ngiri ana uso ule mnaoujua, Mungu alimpa hivyo, haucheki wala haulii. Ngiri akatia dau rundo la mizizi. Pa! Uso mkavu kabisa. Wengine wakatupa majani yao haraka haraka.

Mhanga akainua sikio. Akasikia kitu. Du-du-du-du-du! Kilikuwa kifua cha Ngiri.

"Huyu anaogopa," akasema moyoni. "Hana kitu."

Akatia kibaba chake cha mwezi mzima. Ngiri akamtazama, akatazama kibaba, akatupa majani. Mhanga akala.

Akala siku ile. Akala kesho yake. Akala kesho kutwa. Swala akitetemeka ndani, Mhanga anasikia. Nungunungu akifurahi ndani, Mhanga anasikia, anatupa majani mapema. Wenzake wakasema ana bahati. Nao walikosea, na hapo ndipo pana uchungu wa hadithi hii. Haikuwa bahati. Mhanga alikuwa hodari kweli.

Akarudi nyumbani na pishi ya mchwa, vibaba vinne vizima.

"Umechimba wapi leo?" mama akauliza.

"Sikuchimba, mama. Nimesikia."

Akamweleza yote. Mama akanyoosha mikono yake. Kucha zake zilikuwa zimelika mpaka karibu na nyama.

"Mwanangu, mimi nimechoka. Tembo, mkuu wetu wa mbuga, anaita baraza. Watakuuliza kama utashika kazi."

"Mama, kuchimba kunanipa kibaba. Karata inanipa pishi kwa kikao kimoja."

"Haba na haba hujaza kibaba."

"Ndiyo, mama, kibaba. Kikishajaa, bado ni kibaba!"

Mnacheka? Hata mama alitaka kucheka. Mtoto alikuwa na ulimi.

"Na siku karata ikikukataa?" akauliza.

"Ingekuwa bahati, ingenikataa. Hii ni kazi, kama kuchimba. Kila mmoja ana kazi yake."

Baraza likakaa. Tembo akasema, "Mhanga, mama yako ametutumikia vya kutosha. Unashika kazi ya ukoo wenu?"

Mhanga akasimama. Akaona maisha yake yote mbele yake: udongo, kibaba, udongo, kibaba, halafu kufa na udongo puani kama baba. Akaona na lile jiwe bapa, na wote wakimwangalia, na yeye ndiye anayejua. Roho ikamvuta huko.

"Nawashukuru, wazee wangu," akasema. "Kazi yangu mimi ni karata."

Wengine wakaguna. Wengine wakacheka. Mama akainamisha kichwa.

"Basi nitaendelea mimi," akasema taratibu.

Akaendelea. Kwa kucha zile zile.

Mhanga akanenepa. Na kucha zake, kwa kuwa hazikugusa udongo, zikarefuka. Zikarefuka, zikapinda, zikang'aa. Mchimbaji asipochimba kucha humgeukia hivyo. Yeye akazionea fahari. Akazipaka mafuta, akazigonga juu ya jiwe akisubiri zamu yake, ta-ta-ta, kila mtu ajue kwamba huyu hafanyi kazi ya jasho.

Masika yakaja, mvua ikapiga, mashimo ya zamani yakabomoka. Mama akamwambia, "Mwanangu, nisaidie."

"Nitamlipa Fuko aje achimbe."

Fuko akaja, akachimba siku nzima, akajisifu sana. Mashimo yakawa mazuri, ila aliyeweza kuingia humo, kwa udogo wake, ni Fuko peke yake. Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa chini, akasema, "Limebaki moja tu lililo zima. Hili letu la nyumbani. Likija la kuja, wasio na mbio wote tutabanana humu humu." Mhanga akasema sawa, mama. Akaenda kwenye karata.

Kiangazi kikaingia. Nyasi zikakauka. Akaja mgeni kwenye jiwe bapa, anateleza bila sauti. Alikuwa Chatu. Alikuwa anatafuta makao, maana kule alikotoka mto umekauka. Akashika majani yake kwa mkia.

Mhanga akainua sikio. Du.

Akasubiri.

Du.

Chatu akatia dau kubwa. Du. Akatia dau dogo. Du. Akala, akaliwa, moyo wake ule ule, baridi, hauendi mbio wala haulali. Masikio ya Mhanga yakahangaika. Kwa mara ya kwanza akacheza kama wenzake wanavyocheza siku zote, gizani. Akaliwa pishi ya kwanza. Akaliwa ghala zima. Mtu mwenye akili angefanyaje?

Angekwenda nyumbani!

Ndivyo msemavyo ninyi, mmekaa mnakula njugu. Yeye aliona aibu. Akaona akiondoka pale ameliwa, yeye si yeye tena.

"Una nini kingine?" Chatu akauliza kwa adabu.

"Nina shimo. Refu, lenye baridi. Alilichimba baba yangu."

Nyani, hata Nyani yule, akasema, "Kaka, lile si lako peke yako."

"Nitalirudisha sasa hivi," Mhanga akasema.

Pa! Majani yakafunuliwa. Shimo likaliwa.

Chatu akajikunjua. "Mimi nakwenda kulala," akasema. "Ukinitaka, niletee kapu la mayai ya kanga nikurudishie shimo lako. Mimi si mtu mbaya." Akateleza kwenda zake.

Mama siku hiyo alikuwa amekwenda bondeni kutafuta mchwa. Hakujua lolote. Mhanga angeweza kumkimbilia amwambie, "Mama, nimefanya jambo." Lakini pale pale kwenye jiwe alikuwepo Ngiri, na Ngiri alikuwa amewala wenzake kapu zima la mayai ya kanga. Kapu lenyewe hilo hapo! Mhanga akaona hii ni kazi rahisi, arudishe shimo kabla mama hajarudi, na mambo yaishe kimya kimya.

"Ngiri, tucheze."

"Utaweka nini? Umebaki na pua."

"Nitakuchimbia shimo."

Ngiri akacheka kwa tumbo, uso mkavu vile vile, mpaka pembe za mdomoni zikagonga jiwe. "Kwa kucha hizo? Haya, weka."

Wakagawiwa majani. Mhanga alikuwa na majani mabovu, tundu moja moja. Akainua sikio. Hakusikia kitu cha maana. Kisha, taratibu, akaanza kusikia. Du, du, du. Du-du-du. Du-du-du-du-du!

Akatabasamu. "Ngiri anaogopa. Ngiri hana kitu."

"Naongeza," akasema. "Nitakuchimbia mashimo ya mwaka mzima."

Ngiri akatulia. Moyo ukazidi. Du-du-du-du-du-du!

"Naongeza. Mashimo ya maisha yangu yote."

Nyani akamshika mkono. Mhanga akamsukuma. Moyo ule ulikuwa unapiga sasa kama ngoma inayotaka kupasuka. Hakuwahi kusikia moyo unaogopa hivyo. Akasema, "Fungua majani, Ngiri. Fungua tumalize."

Ngiri akafungua. Pa! Pa! Pa! Majani matatu, yametobolewa mpaka yamebaki mishipa. Makubwa kuliko yote.

"Lakini ulikuwa unaogopa!" Mhanga akapiga kelele. "Nimekusikia!"

"Mimi? Niogope nini na majani haya?" Ngiri akashika kifua chake. "Njoo usikilize."

Mhanga akalaza sikio kwenye kifua cha Ngiri. Du... du... du... Shwari kabisa.

Na ule moyo mwingine bado aliusikia. Haukutoka kwenye jiwe. Ulitoka upande wa nyumbani, unaletwa na upepo. Na nyuma ya ule moyo, harufu ya moshi.

Moyo wa nani?

Mnajua. Na yeye akajua. Moyo wa kwanza aliousikia duniani, na akili yake ilikuwa imejaa karata, hakuutambua.

Akakimbia! Wenzake walikuwa wanakimbilia mtoni, Tembo amewabeba wazee na wagonjwa mgongoni, yeye akakimbilia moto. Vuuu! Alipofika kilimani, moto ulikuwa umeshapita katikati, yeye huku, mama kule. Akamsikia mama anachimba. Kwa! Kwa! Kwa! Kucha zisizokuwepo, juu ya ardhi ya kiangazi. Alichimba kwa sababu alipouona moto alikuja mbio mlangoni pake, akamkuta Chatu amejaza shimo, na Chatu akamwambia, "Samahani, mama, hapa ni kwangu. Muulize mwanao."

Mhanga akasema nitapita chini kwa chini. Akazamisha kucha. Ka! Ukucha ukavunjika. Akazamisha nyingine. Ka! Ka! Ka! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeambiwa. Huyu guu lilikuwa zima. Zilivunjika kucha, moja baada ya nyingine, mpaka akawa anakwaruza udongo kwa vidole vyenye damu.

Na masikio yake, yale masikio hodari, hayakumwacha. Akasikia yote. Du-du-du-du. Du-du. Du.

Kisha akasikia moto peke yake.

Mbuga ilipopoa akavuka. Akamkuta mama ndani ya shimo alilokuwa anachimba, limefika kifuani tu. Chatu akatoa kichwa mlangoni.

"Pole sana, ndugu," akasema. "Baba yako alikuwa fundi. Humu ndani hata joto sikulisikia."

Na moyo wake, Mhanga akausikia. Du.

Hakuna aliyempiga Mhanga. Hakuna aliyemtukana. Tembo alimfukia mama kwa mkonga wake, wanyama wakaondoka kimya. Ngiri akasema, "Kaka, yale mashimo mimi sikudai." Kucha zilipoota, Mhanga akaanza kuchimba.

Mpaka leo anachimba. Anachimba shimo, analiacha, anakwenda kuchimba jingine. Ngiri analala humo na watoto wake. Nungunungu analala humo. Chatu naye, akitaka, analala humo. Mhanga anaishi peke yake, hana rafiki, hakai kikaoni. Na siku mkibahatika kumwona anachimba, mtazameni masikio. Ameyakunja. Ameyalaza nyuma kabisa, asisikie kitu.

Sasa sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, na wewe baba uliyejificha kwenye kivuli, nakuona. Msiseme Mhanga aliponzwa na ujinga. Alikuwa hodari, na uhodari wake ndio uliomdanganya. Mcheza kamari haweki dau lililo lake peke yake. Ndani ya dau lile daima mna kitu cha mtu ambaye hakukaa kwenye mchezo, hakushika hata jani moja. Kazi ndogo inayowakinga watu wako ishike, hata kama inakupa kibaba.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye shimo lililofika kifuani.