Simu Mpya ya Mwalimu wa Kwaya

Wapendwa, mfikirieni mwalimu mmoja wa kwaya, mtu wa sauti nzito na kiburi cha kutosha. Kwenye msiba wa mama yao alimtolea kaka yake maneno machafu mbele ya waombolezaji. Miaka miwili hawakusalimiana. Mwisho dhamiri ikamsuta. Akashika simu yake, ile ya bei mbaya ambayo yeye na kaka yake walinunua aina moja siku za amani, akaandika: "Kaka, nilikukosea. Nisamehe."

Siku hiyohiyo simu ikaanguka, kioo kikapasuka. Akanunua ya bei nafuu, ya aina nyingine kabisa, akahamishia laini yake. Basi ikawa ndiyo habari ya mjini! "Chaji siku mbili, jamani," aliwaambia wanakwaya, "na picha hizi, tazameni!" Lakini kila alfajiri aliifungua akitafuta neno la kaka yake. Hakuna kitu. Mkewe akamwambia, "Si umpigie tu, baba watoto?" Akajibu, "Nimeshajishusha. Sasa ni zamu yake."

Zamu! Ndugu zangu, msamaha nao una zamu?

Miezi minne baadaye kaka yake alifariki ghafla. Pale kaburini shemeji yake, mjane wa marehemu, alimshika mkono. "Alikujibu siku ileile, shemeji. Akakuandikia tena na tena. Kila jioni akiniuliza, 'Mbona hasemi kitu?' Ulinyamaza kwa nini?"

Fundi simu ndiye aliyemfumbua macho. "Simu za aina ile hutumiana ujumbe kwa mtandao wao wenyewe, na ulipohama hukuiondoa namba yako huko. Ujumbe wa wenye simu aina ile uliendelea kwenda kwenye simu yako ya zamani." Akaitia kioo ile ya zamani, akaiwasha, akaiunganisha na mtandao. Majibu yalikuwemo, yote. La kwanza lilisema: "Nilishakusamehe zamani. Njoo tule."

Uchungu ulioje! Nasi tumekaa humu tukisema fulani ametukaushia, na wengine wetu tunasema hata Mungu amenyamaza. Tunachagua mahali pa kujibiwa, tusipojibiwa hapo tunahukumu. Yule mwalimu alitubu kweli, sikatai, ila kupiga simu moja kulimshinda.

Leo hatufungi kwa wimbo kwanza. Kama yuko mtu unayesema hajakujibu, toka nje sasa hivi umpigie, uisikie sauti yake. Sisi tutakungoja.