Mkeka wa Mwanamkasi Una Nafasi ya Jina Moja

Kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Nawaletea kesi iliyonishinda mimi mwenyewe, na imeniudhi.

Katika hospitali moja kubwa walikuwapo mabingwa watatu. Daktari Kisanji alikuwa na jicho: akiitazama shingo ya mtu anajua mshipa upi una damu ya kutosha na upi utamwangusha. Daktari Nuhu alikuwa na mkono: aliunga mishipa myembamba kama tambi kwa uzi usioonekana bila hadubini. Na Sista Remijia alikuwa na ubishi. Msicheke, ubishi nao ni kipaji.

Kwao akaletwa Mwanamkasi, msusi wa mikeka kutoka Kichangani. Uvimbe ulikuwa umemla taya la kulia. Kula kulikuwa taabu, lakini kilichomliza ni kazi: mikono ikijaa, yeye huishika miyaa, yale majani ya kusukia, kwa meno, na sasa hakuwa na pa kushikia. Akaambiwa taya bovu litatolewa, litengenezwe jingine kwa mfupa wa mguuni unaokuja na mishipa yake, nayo mishipa hiyo iungwe na ya shingoni. Mfupa ukikosa damu, unaoza. Siku ya upasuaji akaweka nadhiri: "Atakayenirudishia taya langu, nitamsukia mkeka wenye jina lake." Mtu mmoja, jina moja. Hakujua anajitafutia balaa.

"Mama, hili kovu la shingoni, huku kulia, ni la nini?" Kisanji alimuuliza.

"Uji wa moto, daktari. Utotoni."

Uongo mtupu. Mganga ndiye aliyemchoma chuma cha moto ili kuukausha uvimbe, lakini nani asiyejua jinsi madaktari wanavyowafokea waliopitia kwa mganga? Kisanji akaamini kwamba ni ngozi tu iliyoungua, akachagua mishipa ya kulia, iliyo karibu na taya. Walipofungua, mshipa wa kuleta damu ulidondosha matone tu, na wa kuirudisha ulikuwa umekakamaa.

"Uji gani huu unaochoma mpaka ndani?" Kisanji akafoka, na mgonjwa usingizini hasikii. Akahamia kushoto. Akaupima mshipa wa kwanza, akauacha. Akaupima wa pili, akauacha. Mwisho akasema, "Huu, na huu wa pembeni yake." Ilikuwa mizima, ila mbali. Mishipa ya mfupa haikuifikia.

Ikawa zamu ya Nuhu. Akachukua mshipa mwingine mguuni, akaufanya daraja la kuvuka chini ya kidevu. Alishona mpaka shingo ikamkaza. Mshono ukivuja anaukata, anaanza upya, anasonya, anaanza tena. Walipoiachia damu ipite, kingo za mfupa zikalowa wekundu. Nuhu akakaa chini kama aliyetoka kulima.

Kesho yake mchana, Sista Remijia akakitazama kipande cha ngozi kilichokuja na mfupa, hakukipenda. Akakidunga sindano, damu ikatoka nyeusi.

"Tusubiri mpaka jioni," akasema daktari wa zamu.

"Jioni tutakuwa tunazika taya!" Akampigia Nuhu, akampigia Kisanji, akakisukuma kitanda mwenyewe hadi mlango wa upasuaji. Kweli, damu iliyoganda ilikuwa imeziba njia ya kurudi. Ikatolewa, taya likasalimika.

Sasa Mwanamkasi yuko barazani kwake, miyaa iko kwenye meno, ukili, ule utepe wa mkeka anaousuka, umefika mahali pa jina, na wote watatu wamekuja kumjulia hali. Kila mmoja anadai hataki kitu.

"Mpe Nuhu," anasema Kisanji. "Mimi nilichagua tu. Ingawa mkono hushona ulichoonyeshwa."

"Mpe Kisanji," anasema Nuhu. "Japo kuuona mshipa na kuufikia ni mambo mawili."

"Mimi nesi tu," anasema Remijia. "Ila nyie mlikuwa mmeshakwenda kula."

"Mnanichosha!" Mwanamkasi anaitema miyaa. "Na msiniambie nisuke majina matatu. Nadhiri ni ya mtu mmoja. Kwani ningesema watatu, Mungu asingenisikia?"

Anawakasirikia, lakini zaidi anajikasirikia mwenyewe. Angesema kweli juu ya lile kovu, Kisanji angeanza kushoto na Nuhu asingeshona amechoka, na pengine damu isingeganda. Uongo wake ndio uliowapa kazi hata akawahitaji wote, na mpaka leo hajathubutu kuwaambia.

Miyaa aliyoilowesha asubuhi inaanza kukauka, na ikikauka itakatika kwenye herufi ya kwanza tu. Jicho, mkono, ubishi: ondoa kimoja, hana taya. Je, wewe ukipewa ukili huo sasa hivi, ungesuka jina la nani? Na usinijibu "wote," maana hilo Mwanamkasi ameshalikataa.