Sahani ya Tatu

Sogeeni motoni, na mwenye kuitika aitike. Hapo kale, katika nyumba isiyobishwa hodi, aliishi bibi kizee Mwanashaha na bintiye Zena, mtu mzima ambaye akili yake ilikwenda polepole. Mama alimpikia, akamwogesha, akamfunga hata leso. Mwiko hakumshikisha kamwe, asije akaungua.

Mama alipoanza kukohoa damu, hofu ikamwingia: nikifa, mwanangu nimwachie nani? Akaenda msituni kuliita zimwi lisilokufa.

"Utamlisha?" mama akaliuliza.

"Nitamlisha milele."

"Utamvisha?"

"Milele."

"Utamlinda?"

"Milele! Hataguswa hata na mwiba."

Moyo wa mama ukatua. Akalileta zimwi nyumbani, nalo likamnyooshea Zena mkono wake wa manyoya. Zena akalitazama, akauliza taratibu: "Na mimi nitampikia nani?"

"Mimi sihisi njaa," zimwi likasema. "Wewe utakaa tu."

"Basi siendi."

Zimwi likayeyuka kama moshi, nyumba ikabaki kimya kama zamani. Mama akautungua mwiko ukutani, akampa mwanawe.

Wali ukatoka bokoboko, na chini umeungua. Zena akapakua sahani tatu.

"Ya tatu ya nani, mwanangu? Huku haji mtu."

Zena akaenda mlangoni, akaondoa komeo alilolitia mama miaka yote ile, akaufungua wazi.

Ngano yangu naiacha hapo mlangoni. Mwenye njaa na apige hodi.