Neno la Siri la Marehemu Asajile

Hapo zamani, na msinikunjie uso, ni zamani ya majuzi tu, palikuwa na chuo kikuu huko nyanda za juu kusini, mahali ambapo ukungu huingia darasani kabla ya mwalimu. Mkurugenzi wake wa TEHAMA alikuwa mwanamke, Dokta Sekela. Matokeo ya wanafunzi, barua za wakubwa, milango ya maabara, vyote vilifunguka na kufungwa kwa amri yake. Waliomwogopa walimwita Mama Kufuli. Mwenyewe alicheka tu.

Sekela alikuwa na sheria moja aliyoitunga mwenyewe: mtu akiondoka chuoni, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo. Umestaafu, inafungwa. Umefukuzwa, inafungwa. Umekimbilia chuo cha jirani kwa tamaa zako, inafungwa. Walimbembeleza wengi, na hakulegea.

Basi akafa Mzee Asajile.

Huyu alikuwa mkuu wa idara ya kompyuta, ndiye aliyeujenga mfumo wa matokeo wa chuo na kumfundisha Sekela kazi, na maabara kubwa ya kompyuta ilikuwa na jina lake mlangoni. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi wake, "Neno lako la siri usimpe mtu. Hata unayelala naye kitanda kimoja, usimpe." Aliumwa, akalala, akafa huku akilalamika kwamba ameacha mitihani ya watu bila kusahihisha.

Sasa, kwa watu wa kule, vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe. Kiti chake kinabaki, kikombe chake kinabaki. Mkuu wa chuo, Profesa Kihwele, akamwita Sekela.

"Dokta, nasikia unataka kuifunga akaunti ya mzee."

"Ndiyo sheria yetu, Profesa."

"Udongo wa kaburi haujakauka, wewe unamfukuza kazini? Subiri matanga yaishe."

Sekela akasubiri.

Siku chache baada ya mazishi, asubuhi, aliwasha kompyuta yake akaona jina la Asajile lina taa ya kijani. Maana yake mwenye jina yupo kazini. Nywele zikamsimama. Akatazama tena, taa ikawa bado inawaka. Saa ya chakula ikazimika, kama mzee alivyozoea kwenda kula. Baada ya chakula ikawaka.

Ukafika wakati wa kikao cha mtandaoni cha wakuu wa idara. Watu wakaingia mmoja mmoja, na miongoni mwao likaingia jina la Asajile. Hapakuwa na picha, palikuwa na kiboksi cheusi na jina. Katibu, mama wa watu, alinong'ona, "Shikamoo mzee," kisha akaziba mdomo kwa khanga. Kikao kikaendelea, na kile kiboksi kikawasikiliza mpaka mwisho.

Mnajua Sekela alifanya nini? Hakufanya kitu! Mtu ambaye kidole chake kimoja kingetosha. Alijua wafu hawabonyezi vitufe, alijua kuna mtu ameingia. Lakini alimpenda yule mzee kama baba, na kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, alikimbilia kutazama kama taa inawaka. Ikiwaka, moyo ulitulia, na hofu ikamjaa palepale. Akajiambia, Profesa amesema tusubiri.

Matanga yakaisha, na siku iliyofuata ofisi ya mitihani ikapiga yowe. Matokeo ya mwaka wa mwisho yalikuwa yamevurugwa. Waliofeli wamefaulu, waliofaulu wamefeli, na wapo madaktari watarajiwa waliopandishwa alama ambao, nawaapia, usingewapa hata mbuzi wamtibu. Kila badiliko lilifanywa kwa jina la Asajile. Mahafali yakaahirishwa. Sekela akaifunga ile akaunti kwa mkono wake mwenyewe.

Baraza la chuo likaketi mchana, ukungu umeziba madirisha, taa za ukumbini zinawaka. Profesa Kihwele akasema, "Aliyeingia hajajulikana, na wazazi wanataka jina la mwenye kosa. Jina moja."

Akasimama Mama Lugano, mjane wa Asajile, aliyeitwa kwa ajili ya jina la mumewe, bado amevaa nguo za msiba.

"Kosa ni langu. Siku za matanga uliingia ujumbe kwenye simu yangu, una jina la mume wangu na picha yake. Uliandika: Mke wangu, nataka kumaliza kazi niliyoiacha. Nitumie neno langu la siri. Nikasema, masikini, hajapumzika. Nikamtumia."

"Ulilijuaje neno lake?" akauliza Profesa.

Mama Lugano akainamisha kichwa. "Nililijua tu."

Akasimama Sekela. "Kosa ni langu. Mama alidanganywa akiwa na uchungu. Mimi niliona na nikaacha. Wala si kwa ajili ya matanga. Nilipenda kuiona ile taa."

Sekela akamgeukia Profesa Kihwele, aliyesema tusubiri. Profesa akafuta miwani. Akaifuta vizuri sana, na hakusema kosa ni lake.

Ndipo skrini ya ukumbini, iliyokuwa ikionyesha ushahidi wa Sekela, ikaonyesha jina la Asajile. Ile akaunti iliyofungwa! Maneno yakajiandika polepole mbele ya watu wote:

"Kosa ni langu. Neno nilimpa mimi, siku ile ya mvua ya mawe, akininywesha uji. Mwacheni."

Mama Lugano akapiga kelele, akaangukia kitini. "Tulikuwa wawili tu chumbani! Wawili tu!"

Sekela akarukia kompyuta. Akaunti ilikuwa imefungwa vilevile alivyoifunga. Akatafuta ujumbe umetumwa kutoka kwenye mashine gani, hakuna mashine. Akatafuta umepitia mlango gani, hakuna mlango. Jasho likamtoka katika baridi ile.

Profesa Kihwele akamsogezea karatasi na kalamu. "Dokta, usalama wa chuo hiki ni kazi yako. Utakaloliandika, baraza litalipokea."

Akiandika jina lake, anaondoka chuoni, na kazi aliyoijenga anaachiwa mwingine. Akiandika la Mama Lugano, mjane anatolewa kwenye nyumba ya chuo alimolelea wanawe. Akiandika la Profesa, nani atamsaidia kulithibitisha, wakati maneno yale waliyasema wawili tu, mlango umefungwa? Akiandika la Asajile, hakuna aliye hai atakayeumia. Litafutwa jina mlangoni pa maabara, basi. Na marehemu mwenyewe amekiri.

Lakini ni marehemu? Maana Mama Lugano naye aliona jina na picha, akaamini, na ndilo kosa alilolikiri barazani. Sekela, mwenye funguo zote, aupokee ujumbe usio na mtumaji kwa sababu tu unasema alichotamani kukisikia?

Kalamu iko mkononi mwake, na baraza zima linamtazama. Haya, ninyi mliokaa kimya muda wote huu: kosa lilikuwa la nani, na ungekuwa wewe, ungeandika jina gani?